Vijiti vya Brosheti Vinavyorudisha Milango ya Mulongwe

Ijumaa, saa moja asubuhi, Sévère Itangishaka amepiga magoti mbele ya kabati la vyombo la Mama Ernestine, mtaani Mulongwe. Mlango wa kabati umelazwa sakafuni. Anaingiza kidole kidogo kwenye tundu la skrubu, kinazama hadi mwisho wa kucha. Anacheka peke yake.

"Hapa visi iko inaogelea," anasema, akimaanisha skrubu.

Nyumba hii iliingiwa na maji mto ulipofurika. Mbao zilivimba, zikakauka, matundu yakalegea. Wakubwa walikuja na viatu vyao vya mpira, wakapigwa picha, wakaenda zao. Ukingo wa mto waliouahidi tunaungoja hadi leo. Kabati aliloniachia marehemu mke wangu nimelifunga kwa kamba tangu siku hizo, kwa hiyo najua ninachosema. Anayetengeneza walichokiacha ni huyu mtu mwenye bisibisi moja na kopo la gundi.

Sévère ana miaka arobaini na saba. Ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Bwegera, na amekaa Songo miaka tisa sasa.

Wengine skrubu ikilegea hupigilia msumari mkubwa zaidi, ubao ukapasuka kabisa. Yeye hupita kwa wachoma mbuzi, akaokota vijiti vya brosheti, yaani mishikaki. Huvichemsha, huvianika, huvipaka gundi, huvigongea ndani ya tundu hadi lijae, huvikata sawa na ubao, kisha huviacha vikauke mpaka kesho yake. Ndipo skrubu hupata mti mpya wa kung'ata. Mlango mmoja ni faranga elfu tatu. Wiki nzuri hufunga milango kumi.

Lakini miezi mitatu iliyopita alikuwa na haraka, vijiti hakuvichemsha. Mafuta ya mbuzi yalibaki ndani, gundi ikakataa kushika. Mlango wa kabati hili hili ulianguka siku wakwe walipokuja kumuulizia Noella, binti wa Mama Ernestine. Mzee Frédéric, baba mdogo wa kijana anayemposa, alisema nyumba hii ina heshima sana, hata milango inapiga magoti kusalimia wageni.

Maneno hayo yalizunguka Mulongwe yote kabla ya jua kuzama.

"Walianza kuniita Fundi Mafuta," Sévère anasema. "Hata mu kanisa. Miezi mitatu, hakuna mulango moja niliitiwa huku."

Kesho wakwe wanarudi, safari hii na mahari. Mama Ernestine amemwita fundi yule yule, na amemwambia wazi kwamba mlango ukianguka tena, mahari atalipa yeye. Safari hii vijiti vimechemshwa mara mbili na kuanikwa siku nne.

Anapofuta gundi iliyomwagika, mama mwenye nyumba anasimama juu yake, sahani mikononi.

"Papa Sévère, funga leo. Bamukwe wanafika kesho saa nane."

"Nitafunga kesho asubuhi, mama. Leo hapana."

"Na weye ukilala?"

"Basi uje uniamushe."

Anakusanya skrubu zote, anazitia kwenye mfuko wa shati na kuondoka nazo. Anajua watu wa nyumba hii: angeziacha, wangefunga wenyewe kabla hajafika barabarani.

Jumamosi saa tatu asubuhi mlango uko mahali pake. Fundi anaaga, lakini Mama Ernestine anamkatalia. Ataondoka wageni wakishakula.

Saa nane wanaingia. Mzee Frédéric hata kinywaji hajapewa, anakwenda moja kwa moja kwenye kabati. Anafungua. Anafunga. Anafungua tena, anaweka kiwiko juu ya mlango na kuuegemea, mzee mzima na tumbo lake. Noella ameziba mdomo. Karibu na mlango wa nje Sévère ameikazia macho bawaba ya juu.

Inalia kidogo. Haitoki.

"Fundi," mzee anamuuliza, "weye ni wa wapi?"

"Songo, papa."

"Uje kwangu Kavimvira. Iko milango ine inalala chini."

Nyumba nzima inacheka, na Mama Ernestine anamtengea fundi chakula kwenye sahani ya wageni.

Sasa Sévère anataka kukodi chumba kando ya barabara. Kwenye kibaraza anapofanyia kazi sasa, watu wa kodi ya serikali hupita kila wiki kudai pesa, na risiti yao hajawahi kuiona. Mlangoni atapigilia kibao: *Gundi leo, visi kesho.* Mke wake Laurette amemwonya kwamba wenye haraka watakisoma na kukimbilia kwa mafundi wengine.

"Wakimbie," anasema Sévère. "Watarudi, na mulango ku kichwa."