Matone Yasishikane

Mke wangu alikuwa akipaka fimbo. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa hiyo nieleze.

Mafundi wa laini, wale wanaopanda nguzo, hawagusi waya wenye umeme kwa mkono. Wanaugusa kwa fimbo ndefu ya faiba. Fimbo ikiwa kavu, umeme haupiti. Ikilowa, maji yakitandaa kutoka kwenye waya mpaka mkononi, umeme umepata njia. Ndiyo maana fimbo hupakwa utando wa silikoni, mwembamba, hauna rangi, hata ukiukodolea macho huuoni. Maji yakiangukia hapo hayatandai. Yanasimama punje punje.

"Matone yasishikane mikono," alikuwa akisema. "Yakishikana tu, tumeua mtu."

Karakanani walimwita Mama Matone. Hakusoma, kama mimi. Kazi alifundishwa na fundi aliyekuwa anastaafu, akaishika mpaka akaota mvi. Alisugua fimbo kwa msasa, akaifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaipaka, akaitundika kwenye chumba cha joto ikauke. Mafuta ya kujipaka hakuyagusa siku za kazi, yasije yakaingia kwenye fimbo. Nikimshika mkono nyumbani ananiambia, "Pole, mzee. Umeoa msasa."

Mwanetu wa mwisho akawa fundi wa laini. Mama yake hakumkataza. Alisema tu, "Basi fimbo zako nitazipaka mimi." Fimbo zote alikuwa anazipaka yeye, kwa hiyo tulidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Siku ninayoikumbuka alikuja nyumbani mchana kula. Dada yangu alikuwa amekuja kukaa nasi kidogo. Mke wangu akatoa kitambaa chake mfukoni mwa aproni, akakichovya kwenye beseni akisuuze kwa maji matupu, kama ilivyo kawaida yake. Maji yakatoa povu.

Akakikamua, akakichovya tena. Povu.

"Wifi," akamwita dada yangu, "nani amefua hiki?"

"Mimi. Juzi, pamoja na aproni yako. Nguo zako zinanuka spiriti, wifi. Mtu atadhani kaka yangu ameoa duka la dawa."

"Kwa sabuni?"

"Sasa nifue kwa nini, kwa mate?"

Mke wangu akakaa chini, hapo hapo kando ya beseni. Sabuni ikibaki kwenye fimbo, utando haushiki. Unaonekana umeshika, na ukiumwagia maji unakudanganya. Ukisuguliwa kidogo, garini au mkononi, unabanduka, na pale ulipobanduka panapenda maji.

"Jana fimbo ya mwisho niliifuta kwa hiki," akaniambia. "Nyingine nilizifuta kwa vya karakana."

"Iko wapi?"

"Imeondoka asubuhi. Na gari la mwanao."

Alisema mwanao. Siku zote alikuwa wake.

Tulipiga simu. Ya mwanetu iliita bila kupokewa. Akipanda huiacha garini. Ya karakana nayo iliita tu, watu walikuwa wanakula. Nje upepo ulikuwa umegeuka, na nyuma ya kinu cha unga mawingu yamekuwa meusi. Na huko huko, barabara ya kinu, ndiko walikokuwa wanafanya kazi siku hiyo. Mvua ikianza wanatakiwa kushuka, lakini mvua haipigi hodi.

Mimi nilikuwa mbeba mizigo kwa baiskeli. Nimebeba magunia, makabati, hata kitanda cha bibi harusi. Nikaitoa nje. Akapanda nyuma, kitambaa bado mkononi.

"Kaka, ni sabuni tu," dada yangu akasema mlangoni.

Barabara ile ina mwinuko. Tulipopita shule tone la kwanza likaniangukia mkononi.

"Mzee," akasema mgongoni kwangu, "unakanyaga au unabembeleza?"

"Nakanyaga."

"Kanyaga."

Tulipofika, mwanetu alikuwa juu ya nguzo, fimbo mikononi, ncha yake imeshika waya. Rasharasha ilikuwa imeanza.

Nikafungua mdomo nimwite. Mke wangu akaniziba kwa kiganja chake kikavu. Ni sheria yao, mwanetu mwenyewe ndiye aliyetuambia alipoanza kazi: aliye juu haitwi. Akiitwa atageuka, na fimbo itageuka naye.

Msimamizi wao tulimjua kwa jina la Kifungo, maana hufunga shati mpaka kooni hata jua likiwaka. Alikuwa amesimama chini anatazama juu. Mke wangu akamwendea polepole. Baada ya haraka yote ile, alitembea kama anayeingia chumba cha mgonjwa.

"Mama Matone," akasema Kifungo bila kushusha macho. "Umemletea mtoto mwavuli?"

"Fimbo moja ni mbovu. Nimeiharibu mimi. Ina sabuni chini ya utando."

Kifungo akaacha kutabasamu. "Ipi?"

"Yenye alama nyekundu karibu na mshiko."

Tukatazama juu sote. Alama ilikuwa pale, juu kidogo ya glavu za mwanetu.

"Nimshushe?" Kifungo akajiuliza kwa sauti ya chini. Akajijibu mwenyewe. "Hapana. Amebakiza kufungua kibano kimoja cha waya. Akiacha katikati, waya unamfuata."

"Kwa hiyo?"

"Tumngoje, mama."

Tukangoja. Mvua ikakaza. Sehemu ya juu ya fimbo maji yalisimama punje punje, yanang'aa. Pale kwenye alama macho yangu hayakufika. Ya mke wangu yalifika. Alinishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Sikumuuliza anaona nini.

Kibano kikafunguka. Mwanetu akaiondoa fimbo kwenye waya taratibu, ndipo akatazama chini. Kifungo akanyoosha kiganja, akakishusha. Fimbo ikatangulia kwa kamba.

Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili. Juu ya alama, kiasi cha shibiri, maji yalikuwa yametandaa kama kwenye sakafu. Huku matone, huku matone, katikati yameshikana. Akapitisha ukucha. Utando ukabanduka kama wa maziwa ya moto.

"Shibiri moja haijaua mtu," akasema Kifungo.

"Ilikuwa inakwenda kuwa mbili."

Kifungo akafungua kifungo cha kooni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo tena.

Mwanetu akafika chini, anavua glavu, anatutazama mmoja mmoja. "Mama? Baba? Nani amekufa?"

"Hakuna," mama yake akasema. "Umekula?"

Fimbo tuliirudisha kwa baiskeli, kaishika yeye, na karakanani akawaambia mwenyewe. Hawakumfukuza kazi. Tangu hapo kitambaa chake alikisuuza peke yake, na dada yangu akija alikuwa anauliza kwanza hata kabla ya kuosha kijiko.

Mwanetu bado anapanda. Fimbo huimwagia maji, akaisugua, akaimwagia tena, ndipo anaweka mguu kwenye nguzo. Wenzake wanamtania kwamba anaiogesha. Anawaacha wamtanie.

Mama yake aliugua, akafariki mvua za mwaka huu. Dada yangu alikuja kufua nguo zake ili tuzigawe. Alifua zote. Aproni akaniletea mkononi, kavu.

"Hii sijaigusa, kaka," akasema.

Nimeitundika nyuma ya mlango. Bado inanuka spiriti.