Hina ya Maganda ya Korosho

Mabibo yalipoanza kuoza chini ya mikorosho, kijiji chetu chote cha Masaki kilinuka utamu uliochacha, harufu iliyoingia hadi kwenye shuka na kukufuata kisimani. Wenzangu wakiisikia leo husema inawakumbusha raha ya nyumbani. Mimi inanikumbusha watoto watatu na kuumwa kichwa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nina miaka kumi, na kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu Kisarawe isipokuwa pua za wadogo zangu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa na mikorosho yake, kwa hiyo msimu ulipofika alifunga chuo akaenda kuokota korosho, na wazazi wetu nao wakaenda kuokota zao. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Niliachiwa Kibwana wa miaka saba, Tatu wa mitano na Pazi wa mitatu, pamoja na korosho zilizoanikwa uwanjani, nivilinde vyote tangu asubuhi hadi mama arudi shambani.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema lolote juu ya mtu anayelea wana ambao mimba zao hakuzibeba. Nikiwafukuza kuku kwenye korosho, Pazi alikuwa ameshajaza korosho mdomoni. Nikimtoa korosho Pazi, Tatu alikuwa ameshavua gauni na kulivika mbuzi. Walikula mabibo hadi nguo zao zote zikawa na madoa ya kahawia, na doa la bibo likishakauka halitoki hata ukilifulia mtoni siku nzima. Aliyegombezwa kwa kila doa nilikuwa mimi. Kibwana hakuharibu kitu, ila aliuliza. Kwa nini korosho imening'inia nje ya tunda? Kwa nini bibi hana meno? Nilikuwa nikimjibu kwanza vizuri, kisha kwa mkato, na kufikia adhuhuri nilikuwa simjibu kabisa.

Jambo moja tu lilinifanya nivumilie. Mama mdogo Zena, mdogo wake mama, alikuwa anaolewa Tumbi, na mama aliniahidi kwamba msimu ule nikiwatunza wadogo zangu vizuri, nitakwenda naye harusini na nitapakwa hina kama wanawake wakubwa. Wadogo wangebaki na bibi, maana safari ilikuwa ya kutwa kwa miguu na hakuna ambaye angembeba Pazi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka harusi ile. Hata pilau niliiota. Tatizo ni kwamba wadogo nao waliitaka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia kwamba hawaendi. Kila siku, kuanzia uji wa asubuhi, ilikuwa wimbo mmoja: na sisi tutakwenda, Dada? Na Pazi je? Tutalala huko?

Siku tatu kabla ya safari uvumilivu wangu ulikwisha. Niliwaambia kwamba harusini huenda mtu mwenye hina tu. Asiye na hina hurudishwa mlangoni, awe mtoto au mzee. Nikawauliza kama wao wana hina. Wakatazamana, wakanyamaza. Nilifurahi sana kwa ukimya ule hata nikajilaza kivulini nikasinzia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kulijua hilo.

Nilipoamka walikuwa wamekaa mduara, wametulia kama watu wazima, jiwe katikati yao na lundo la korosho mbichi zilizopondwa. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba utomvu wa ganda la korosho unaunguza, na Kibwana alijua. Lakini ulikuwa mweusi, ulichora vizuri, na hina ya kweli hawakuwa nayo. Alikuwa amechukua njiti akawachora wenzake maua viganjani na mistari vidoleni, kisha akajichora mwenyewe. Pazi alinionyesha mikono yake na kusema kwamba sasa anakwenda. Niliwaburuta kwenye mtungi nikawasugua, nikiwatukana na kuwaomba radhi kwa wakati mmoja, lakini jioni walikuwa wanalia, na kulipokucha viganja vilikuwa vimevimba malengelenge, kila ua mahali pake.

Bibi aliwapaka mafuta ya nazi huku akinung'unika. Mama hakununa wala kupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliwasimamisha mbele yake, nami pembeni, akasema, "Nataka kumjua aliyewatia wazo hili la kujipaka. Huyo harusini haendi."

Kibwana alinitazama. Nilitazama chini.

"Hakuna mtu, mama," alisema Kibwana. "Tumejipaka wenyewe."

Tatu akasema vivyo hivyo. Pazi, ambaye alikuwa hajawahi kutunza siri hata ya kipande cha muhogo, naye akasema wenyewe, wenyewe. Alasiri ile mama alinipaka hina, na wale watatu wakakaa kwenye mkeka wakinitazama, mikono wameiacha wazi magotini ili isiguse kitu. Tatu alisema maua yangu ni mazuri kuliko yao. Nilitamani anipige.

Nilikwenda Tumbi. Wanawake walinishika mikono wakaisifu hina yangu, na pilau niliyoiota niliila bila kusikia ladha yake. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea zaidi ya miaka sitini, maana mama alifariki bila mimi kumwambia, na Kibwana pia ametangulia.

Sasa naishi Tangini, na kila likizo ya Desemba wanangu huniletea wajukuu, wanne kwa mpigo, wenye viatu, wenye simu, wenye kuchagua chakula. Wanajua mambo ambayo mimi sikuyajua hadi nilipozaa. Wananichosha vilevile. Mwaka jana kikombe changu kilivunjika, nikauliza nani amekivunja, na kabla sijamaliza neno vidole vinne vilikuwa vimenyooka, kila kimoja kikimwonyesha mwenzake. Niliwagombeza hadi jirani akaja kuniuliza kama kikombe kile kilikuwa cha thamani sana. Nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa natazama vile viganja vinne, laini, visivyo na hata kovu moja.