Mwanangu alisoma risala ya mgeni ambaye hakuja

Wakuu, salama?

Kwa miaka mingi nimekataa kitu kimoja mbele ya walimu, mbele ya mashangazi, hata mbele ya kioo: kwamba mwanangu Nasra hawezi kusoma.

Leo nakiri hapa kwa sababu humu hamnijui sura. Sijatia chumvi. Chumvi yote niliimaliza kwenye makala zangu.

Mimi ni mwandishi. Nina digrii mbili na mdomo unaolingana nazo. Nalipwa, si sana, kwa kujua koma inakaa wapi. Sasa mtu wa namna hiyo atazaaje mtoto asiyesoma? Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Tunaishi Kariakoo, jirani na duka la vitenge alilotuachia marehemu baba yangu. Siku hizi analiendesha kaka yangu.

Nasra alipokuwa darasa la saba, shule ilimchagua asome risala ya wanafunzi siku ya mahafali. Ana sauti nzuri, inafika nyuma bila kupiga kelele. Nikajitolea kuiandika mimi. Mwalimu aliomba ukurasa mmoja, nikampa mitatu.

Kila jioni Nasra ananiambia, "Mama, nisomee nisikie unavyotaka itoke." Nami nasoma, tena kwa madoido. Nilidhani amenogewa na uandishi wangu.

Asubuhi ya mahafali ikaja meseji: mgeni rasmi kapata udhuru, anakuja mama mmoja badala yake.

Ningebadilisha jina tu, yakaisha. Lakini nikishika kazi yangu siwezi kuiacha ilivyo. Nikaipangua risala nzima, nikaiprinti steshenari ya mtaani, nikamkabidhi Nasra getini.

Akaitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nisomee mara moja tu."

"Soma mwenyewe," nikamjibu. "Una macho."

Akapanda jukwaani. Karatasi kaishika vizuri, kurasa anazifunua kwa wakati wake. Na akaanza kumkaribisha yule mzee ambaye hakuja.

"Baba yetu mpendwa," akamwambia mama wa watu aliyekaa mbele yake na kilemba cha zambarau.

Kicheko kilianzia kwa watoto, kikafika kwa wazazi. Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mgeni wake anamuona peke yake." Wakacheka zaidi.

Nasra hakukatisha. Aliimaliza yote, ile risala ya zamani, bila kuruka neno. Nilizitambua pumzi zangu mle ndani. Hata pale nilipokuwa nikikohoa, naye alinyamaza kidogo.

Mngedhani hapo nilielewa. Wapi.

Njiani nilimsema mpaka tukafika ngazi za nyumbani. Kwamba kanidhalilisha, kwamba ni mzembe, kwamba hata kuitupia jicho karatasi kaona tabu.

Akanijibu neno moja tu: "Ile nyingine nilikuwa sijaisikia."

Baada ya siku chache mwalimu wake wa Kiswahili akaniita. Kijana mpole, anapima maneno.

"Mama Nasra," akasema, "akili anayo. Maandishi ndiyo hayamshikiki."

Akanitajia disleksia. Akanitajia na mwenzake wa upande wa namba, diskalkulia, akasema hiyo haioni kwa Nasra. Akanieleza kwamba ukimuuliza kwa mdomo ni wa kwanza darasani, ukimpa karatasi ni wa mwisho. Alitaka aonwe na mtaalamu kabla ya kidato cha kwanza, na huko aendako walimu waambiwe mapema: asomewe maswali, apewe muda, asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake.

Nikamjia juu. Nikamwambia kwetu hatuna mambo hayo. Babu yake alikuwa hapitishi siku bila gazeti.

Na ni kweli, nilikuwepo. Kila siku akishafunga duka alikaa barazani, mimi pembeni yake na gazeti, kwa sababu miwani alikuwa kaisahau nyumbani. Nilimsomea tangu nikiwa mdogo mpaka nikaenda chuo. Uandishi wangu wote ulianzia pale.

Nyumbani, Nasra akasema sekondari haendi. Atakaa dukani kwa mjomba wake. Na hakuniomba tena nimsomee kitu. Jioni zetu zikawa za vijiko na sahani tu.

Sasa hivi yuko kidato cha pili, nashukuru. Anasomewa, anaenda polepole, na kuna siku anarudi amelia. Tungeanza akiwa darasa la pili ingekuwaje? Hilo swali nalala nalo. Mpaka leo hajaniambia tena "nisomee." Anamwambia mjomba wake.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto alikuwa ananieleza shida yake kila jioni, mimi nikasikia sifa.

Wenye watoto kama wangu, na ninyi mliokuwa hivi wenyewe, andikeni hapa chini mlivyovuka. Matusi nayo nitayasoma, nimeyapata kihalali.

Namalizia na simu iliyonikata ngebe. Nilimpigia mama yangu, yuko Ilala, kumshitakia yule mwalimu. Nikamwamkia, nikamwaga yote. Eti Nasra hawezi kusoma, mjukuu wa baba aliyekuwa anasoma gazeti kila siku.

Akanikatiza hapo hapo.

"Aliyekuwa anasoma ni nani?"

"Baba."

"Nakuuliza tena. Aliyekuwa anasoma ni nani?"

Nikasema ni mimi. Lakini ni kwa sababu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "baba yako hakuwahi kuwa na miwani. Macho yake yalikuwa mazima mpaka tunamzika. Shule alienda, wakamchapa mpaka akaacha. Aliniapisha nisikwambie. Alikuwa anapenda ulivyokuwa unajiona mwalimu wake."

Nikamsikia anapenga kamasi upande wa pili.

"Mpe Nasra simu," akasema. "Nimwambie habari za babu yake."