Mkasi Mgongoni mwa Shemeji Kope

Wapo mpaka leo, kule kwa kinyozi na kwenye genge la nyanya, wanaosema ile kura moja ya mwamvuli ilikuwa ya Kope, fundi mashine. Akipita na fimbo yake wanapunguza sauti. Basi naandika kwa mkono wangu mwenyewe, asije mtu akasema nimesingiziwa: kura ile ilikuwa yangu. Ya Kope ilikwenda kwenye taa kama zenu nyote. Hilo limekwisha. Sasa niwaeleze ni mtu gani, maana ninyi mnamjua jicho tu.

Kope ni shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mdogo wangu akafa mtoto hajaota hata jino. Nikamwambia, "Niachie mimi huyo mtoto, wewe mwanamume utamvunja."

"Shemeji," akanijibu, "mimi tangu nizaliwe nimevunja sindano tu."

Akamlea mwenyewe palepale kiwandani, kwenye boksi la nyuzi chini ya meza yake ya kazi. Kiwanda chenyewe ni cha magunia. Mashine hamsini za kushonea, zote mikononi mwake. Mashine ikigoma upande huu, mtoto analia upande ule, naye katikati na bisibisi mdomoni anaimba.

Jicho lake la kushoto liliharibiwa na sindano hiyohiyo aliyoitaja. Ilikatika akiwa kijana, kipande kikaruka kikamwingia kwenye kope. Kuona aliona vizuri, ila kope ikaanza mambo yake. Inashuka, inapanda, bila yeye kutaka. Akiwa na njaa inazidi. Akiogopa ndiyo haisimami kabisa. Wasichana wageni kiwandani walidhani anawakonyeza. Mmoja alimletea kaka zake watatu mlangoni. Kope akawakaribisha chai, akawakonyeza wote watatu, wakaondoka wanacheka.

Sasa mchezo. Saa ya chakula tulikuwa tunacheza fisi. Unatia vifungo kwenye kopo, vyeupe vyote, cheusi kimoja. Kila mtu anachomoa chake na kukificha. Mwenye cheusi ndiye fisi, na fisi anaua kwa kukonyeza. Ukikonyezwa unaanguka, unasema, "Nimeliwa!" Waliobaki wanamtafuta. Kila mtu ana kipande cha chaki, anakwenda kumtia mkasi mgongoni yule anayemshuku. Mkasi ni mistari miwili iliyopishana. Mwenye mikasi mingi anatoka.

Mnaona wenyewe nani alikuwa anatoka wa kwanza kila siku. Hata akiwa na kifungo cheupe, Kope alikatwa. Naye hakununa. Anageuza mgongo, anatutambua mmoja mmoja kwa mkono. "Huu wa mama wa nyuzi, unanitekenya. Huu wa nyapara, mvivu huyo. Aa, huu wa shemeji! Mkono wa mkaguzi, utanitoboa ini!"

Mkaguzi ni mimi. Miaka thelathini na mmoja nimekaa mwisho wa mstari. Gunia likija zuri, naliacha safi linapita. Likija na kasoro nalikata, mkasi wa chaki kona kwa kona, linatupwa pembeni. Hakuna aliyebishana na mkasi wangu, hata meneja. Juu ya kichwa changu palikuwa na ubao wenye maandishi. Mtu akija na sigara namwonyesha ubao kwa kidole: "Huna macho? Soma!" Na yeye anazima.

Mwaka ule wa uchaguzi mtaa mzima ulikuwa wa taa. Taa ilikuwa alama ya mwenye malori yaliyobeba magunia yetu. Mwamvuli ulikuwa wa mtu wa ng'ambo ya daraja. Wiki mbili kabla ya kura, watu wa mwamvuli walilisimamisha lori letu darajani, wakafunga milango kwa waya, wakalitia moto. Dereva alikuwa ndani. Dereva yule alikuwa mdogo wake nyapara wa makuli, baba mmoja mama mmoja. Nyapara alikwenda mwenyewe kumchukua. Alirudi amembeba kwenye gunia letu la kilo hamsini, na halikujaa.

Kesho yake makuli wetu walivuka daraja na ndoano zao za kubebea magunia. Walizirudisha zimeganda damu, wakaziosha kwenye bomba lilelile tunalokinga maji ya kunywa. Tulisimama na ndoo zetu tukangoja wamalize. Hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo.

Siku ya kura, kituo kilikuwa ghala la kiwanda. Karani, kitoto cha miwani, akaniuliza mbele ya watu, "Bibi, usaidiwe?"

"Kamsaidie mama yako," nikamwambia. Foleni ikaangua kicheko. Nikachukua karatasi yangu nikaingia.

Picha mbili. Huyu na taa yake, huyu na mwamvuli wake. Nikamtazama wa mwamvuli, nikaliona lile gunia lisilojaa. Nikamkata. Mkasi wa kona kwa kona, kalamu nusura ichane karatasi. Wa taa nikamwacha safi, apite. Nikatoka kifua mbele.

Kura zilihesabiwa mchana huohuo. Tulio nje tulisikia hesabu dirishani, karatasi zenyewe hatukuziona. Taa, mia nne na kumi na moja. Mwamvuli, moja.

Halafu mchekeshaji mmoja nyuma akapaza sauti, "Fisi nani?" Tukacheka. Nyapara hakucheka. Nilimwona anatutazama migongo.

Kesho yake meneja hakuwepo. Saa ya chakula nyapara akafunga geti, ufunguo akautia mfukoni. Akaja katikati ya uwanja na kopo la chaki.

"Wa mtaani nimewaapisha nyumba kwa nyumba," akasema. "Fisi yuko humu. Leo tunacheza ya kweli. Kila mtu chaki yake."

Tulikuwa arobaini na kitu. Makuli wake tisa wamesimama na ndoano. Mama wa nyuzi alikuwa ubavuni kwangu, akaninong'oneza, "Mimi Mungu shahidi, alama yangu niliiweka juu ya taa, kubwa, hata kipofu angeiona."

"Juu ya taa?" nikamwambia. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemkata mtu wetu?"

"Nimkate vipi, dada? Unayemtia alama ndiye umemchagua. Wewe uliweka wapi?"

Nikamjibu, "Nami hapohapo," nikatazama mbele.

Ningesema dakika ile, shemeji yangu angekuwa mzima. Lakini kusema ni kusema nini? Niseme mimi ni wa mwamvuli, au niseme mkaguzi wa miaka thelathini na mmoja hajui karatasi inasemaje? La pili ndilo lililonifunga mdomo. Ndoano sikuziogopa kama nilivyoogopa wale wasichana wa mashine kunicheka.

Wa kwanza kutoka alikuwa msichana mmoja wa zamu. Alisimama na chaki, hajui aende wapi, machozi yanamtoka. Miguu ikampeleka kule ilikozoea. Akamtia Kope mkasi. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Wote wakaenda kwenye mgongo waliouzoea, na kila mkasi ulivyoongezeka ndivyo aliyefuata alivyopata nafuu. Kope akaogopa, na kope ikaanza kupiga mfululizo.

"Mnaona? Anamkonyeza mwenzake!" kuli mmoja akapiga kelele.

Ikafika zamu yangu. Ovaroli yake ya bluu imejaa weupe. Nilikuwa najua. Naandika tena, nilikuwa najua kwamba fisi ni mimi. Nikaenda, nikamtia mkasi.

"Huu wa shemeji," akasema. Polepole. La ini hakulisema.

Nyapara akampiga wa kwanza, kwa chuma cha mashine, nyuma ya magoti. Kope akaanguka. Wakampiga mateke ya mbavu, nikasikia zinavyoitika. "Alikulipa nani? Sema! Nani mwenzako?" Yeye anasema, "Niliipa taa, jamani, niliipa taa." Wakamburuta mpaka kwenye meza yake mwenyewe, wakamtia vidole vya mkono wa kulia kwenye jiliwa, chuma alichokuwa anabania vipuri. Kuli mmoja akashika mpini akazungusha. Nimesikia mengi kwenye umri huu, lakini sijasikia mtu akilia vile. Vidole vinne. Damu ikachuruzika kwenye boksi la nyuzi chini ya meza.

Na jicho bado linakonyeza.

"Unanikonyeza mimi?" nyapara akasema. "Mdogo wangu kaungua, wewe unanikonyeza?" Akainua ndoano.

Hapo ndipo nilipopata sauti, na nilichelewa. Nilipiga kelele, "Ni yangu! Kura ni yangu!" Ndoano ilikuwa imeshashuka. Iliingia palepale pa kope, ikatoka na kilichokuwemo.

Nikajitupa juu yake. Wakanivuta kwa nguo. Nikasema ni yangu, ni yangu, nilikosea alama, nilidhani mkasi ni wa kumtoa. Mnajua walifanya nini? Walicheka.

"Bibi anamtetea shemejiye," kuli mmoja akasema. "Mkaguzi mzima asijue alama!"

"Sijui kusoma!" nikasema. Neno nililolificha tangu ujana, nikalisema mbele ya watu wote, na hawakulitaka. Wakanisukuma kando. Nyapara akainua ndoano mara ya pili, safari hii juu ya shingo.

"Niulizeni!" nikapiga kelele. "Niulizeni ule ubao wangu unasema nini!"

Akasita. "Haya. Soma."

Nikainua kidole kama nilivyokiinua miaka yote. "Marufuku kuvuta sigara."

Mama wa nyuzi akaziba mdomo kwa viganja. Nikawatazama, sielewi. Wao hawanitazami usoni, wananitazama miguuni.

"Dada," mama wa nyuzi akasema, "ule ubao ulibadilishwa tangu mwaka jana. Umeandikwa marufuku kuvaa kandambili."

Nilikuwa nimevaa kandambili. Mwaka mzima nimekaa chini ya ubao ule na kandambili miguuni, nao wote wakidhani ni kiburi changu, hakuna aliyethubutu kuniambia.

Nyapara alitazama miguu yangu. "Kwa hiyo ulimkata yule," akasema.

"Nilimkata kwa ajili ya mdogo wako."

Akanipiga kwa mpini wa ndoano mdomoni. Meno mawili yalitoka, moja nililimeza. Alinyanyua tena, wale wasichana wa mashine wakaja mbele yangu na mikasi yao ya chuma, ya kukatia kitambaa. Nyapara akaiangalia mikasi. Akaiachia ndoano ikaanguka, akaketi juu ya magunia, akalia kwa sauti kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Tulimtoa Kope tumemlaza kwenye magunia mawili yaliyoshonwa pamoja. Kufuli la geti tulilivunja kwa nyundo yake.

Hospitali walimshona tundu la jicho. Vidole havikunji tena, kwa hiyo hana kazi. Nyapara alihamia mbali, hakuna aliyemshtaki, maana kila aliyekuwepo uwanjani alikuwa na chaki mkononi. Ndiyo sababu ninyi mnaendelea kusema ilikuwa kura yake. Mkikubali kwamba ilikuwa yangu, itabidi mjiulize mikasi ile arobaini mliiweka ya nini.

Alipotoka hospitali nilimweleza yote, mbele ya binti yake. Akanisikiliza, akauliza, "Karatasi ilikuwa na picha mbili?"

"Mbili."

"Na wewe ukamkata mbaya, ukamwacha mzuri." Akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Shemeji, hiyo nimekusamehe. Angekosea hata malaika aliyefanya kazi kwenye magunia." Halafu kicheko kikaisha. "Lakini chaki je? Chaki ulikuwa unajua."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na sitatunga la uongo.

Ovaroli ile ameitundika nyuma ya mlango wake. Damu imekuwa nyeusi, chaki imepauka, lakini mkasi mmoja bado unaonekana wazi kwa sababu mwenye mkono ule alikandamiza. Binti yake amenifundisha herufi mezani kwake, mlango ule uko mbele yangu. Kila Jumapili namwambia, "Shemeji, nipe niifue."

"Bado," ananijibu.

Jumapili iliyopita nimemsomea karatasi hizi zote, neno kwa neno, mwenyewe, bila kusaidiwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho nikamwuliza kama nipunguze pale pa chaki.

"Paache," akasema. "Wasomee na kule kwa kinyozi."

Kesho nakwenda. Nitavaa viatu.