Siku Tisa za Kitaya

Wazo la korosho lilikuwa langu, na bado nalidai, hata kama yaliyofuata yaliniumiza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, ofisi yetu ikiwa nyumba ya kupanga pale Ufukoni, Mtwara, vyumba viwili na feni moja. Tulikuwa watatu tukitengeneza programu ya kompyuta ya kuandikisha watoto wa kliniki katika zahanati za kando ya Ruvuma: mimi, mwenzangu wa Mikindani, na mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu kila tulichoandika mpaka kiharibike. Kila baada ya wiki mbili mkuu wa mradi alikuja kutoka Dar es Salaam, tukakaa mezani kupanga kazi za wiki mbili zinazofuata.

Kupanga gani sasa. Mkuu alisoma kazi kwenye kadi, akauliza, "Siku tatu zinatosha?" nasi tukaitikia zinatosha. Kumkatalia mgeni aliyesafiri njia yote ile ya vumbi kulionekana utovu wa adabu. Wiki mbili zikiisha, nusu ya kadi zilikuwa bado ukutani, na sisi tunaangalia sakafu kama watoto waliovunja sahani. Mimi sina uvumilivu wa kuaibishwa na adabu zangu mwenyewe. Siku moja nikaleta sinia la korosho, nikasema kila mtu achukue kimya kimya, korosho moja siku moja, afumbe mkono, kisha tufumbue kwa pamoja. Aliyeshika nyingi na aliyeshika chache waeleze kwa nini. Mara ya kwanza nilileta zilizokaangwa, mkuu akatafuna siku zake mbili kabla hatujahesabu, ndipo tukahamia zenye maganda.

Ilifanya kazi. Yule mama, ambaye kwa miezi hakuwahi kupinga neno, alifumbua mkono ukiwa na korosho saba pale ambapo mkuu alikuwa na mbili, na alipoeleza tukakuta ni yeye peke yake aliyeisoma kadi mpaka chini. Tukaanza kumaliza tulichoahidi. Nilijiona nimevumbua kitu, na sikuficha.

Wakati huo ndipo nilipokwenda Kitaya, kule mpakani mtoni, kutazama zahanati ambayo ingekuwa ya kwanza kutumia programu. Nesi wa pale alikuwa na rejesta moja kubwa, jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu, ndani yake kila mtoto na kila chanjo, pamoja na watoto wa akina mama waliovuka mto kutoka Msumbiji bila kadi yoyote ya kliniki mkononi. Kompyuta yetu ingetegemea betri ya sola ya pale, iliyokuwa ikizima bila kuaga, na programu ikizimikiwa katikati ilisahau kila kitu tangu asubuhi. Nilimweleza ukweli huo.

"Mwanangu, kitabu hiki nitakifunga siku utakayoniambia wewe," alisema. "Hao wengine siwajui."

Nikamwahidi hatakifunga mpaka tumeirekebisha kasoro hiyo na kuijaribu. Kasoro ikaandikiwa kadi yake. Mkuu alitaka programu iwe Kitaya kabla wafadhili hawajaja kutembelea: kazi ikichukua siku nne tungewahi, ikizidi hapo wageni wangekuta rejesta ya karatasi mezani.

Jumapili kabla ya kikao nilikwenda Mikindani kwa mwenzangu. Nilikuwa mtu wa nyumbani pale. Wazazi wangu walihamia Mtwara kutoka bara nikiwa mdogo, miaka ya tisini, baba akifanya kazi bandarini, na hatukuwa na ndugu pwani nzima. Kila Idi nilikula kwa mama yake, kila Krismasi yeye alikula kwetu. Nilimwita kaka, na nilimaanisha. Tulikaa ukumbini na karatasi, mkate wa kumimina katikati yetu, tukaivunja kazi kipande kwa kipande: kuhifadhi kila jina pale pale linapoandikwa, kurejesha yaliyokuwapo umeme ukirudi, kujaribu kwa kuchomoa betri makusudi. Yeye ndiye aliyejumlisha.

"Tisa, dada," alisema, "na hapo siku za kuugua malaria hatujaziweka."

Tulicheka. Mama yake akanifungia vipande viwili vya mkate niende navyo.

Jumatatu tukafumba, tukafumbua. Mimi tisa. Mkuu nne. Yule mama nne. Kaka yangu nne.

Nilidhani zimemdondoka. Kwa kweli niliinama nikatazama chini ya meza.

"Tisa?" mkuu akasema. "Dada, unaandika programu au unajenga bandari?"

Kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, nilieleza. Kisha kaka akaeleza, kwa sauti ile ile aliyojumlishia, kwamba kurejesha kunaweza kusubiri, na kujaribu kutafanyikia huko huko Kitaya. Ilikuwa karatasi yetu ya Jumapili, ameikata nusu ya chini. Hakunitazama. Kadi ikaandikwa nne.

Mchana, jikoni, yule mama alikuwa akiosha vikombe. "Mwenzio alinipitia nyumbani asubuhi," aliniambia. "Kasema mkuu kampigia simu jana, wote tushike nne. Nikajua na wewe umeambiwa." Akaniona uso. "Ningejua hujaambiwa, nisingeshika."

Niliumia. Mkuu kuninyima siku ningeelewa, wakuu wameumbiwa hilo. Lakini mikono ile ilikuwa na maana pale tu kila mtu alipofumba peke yake, na aliyezunguka kugawa namba ni yule yule aliyejua kwa nini mimi nina tisa. Nilimfuata uani nikamuuliza.

"Wananipeleka Dar, dada, niwe msimamizi," alisema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuongea naye wiki nzima. Siku walipopakia kompyuta kwenda Kitaya nilikataa kupanda gari. Nilibaki mezani nikijifanya nasahihisha kitu, nikitaka wote waone nilivyonuna, na gari likaondoka.

Nilikwenda wiki tatu baadaye, baada ya kusikia. Betri ilizima siku ya kliniki, watoto wa asubuhi nzima wakafutika. Wenye kadi walirudi wakaandikwa upya. Wale wa ng'ambo hawakuwa na kadi, na hakuna aliyeweza kukumbuka mtoto yupi alichomwa sindano ipi.

Nesi alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa.

"Nilimuuliza yule kaka," alisema. "Nikamwambia, 'Yule dada amesema nifunge kitabu?' Akasema ndiyo, amesema. Nikafunga, wakaondoka nacho."

Nikamwambia sikusema, kwamba nilipinga mbele ya mkuu, kwamba jina langu limetumiwa na mtu niliyekula kwa mama yake. Nilimwaga yote, nikingoja anionee huruma.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Kwa hiyo siku waliyoleta kompyuta uliijua," alisema.

"Niliijua, mama."

"Na namba yangu ya simu unayo."

Nikasema ninayo. Nje akina mama walikuwa wameshaanza kupanga foleni na watoto mgongoni. Akafungua daftari jipya la shule, akalichora mistari kwa rula, akamwita wa kwanza. Mimi hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nibaki.