Nani Apike kwa Bibi Nyangeta

Siku yangu ya kwanza kazini kama Bibi Maendeleo, Musoma, nilipewa baiskeli na onyo. "Bibi Maendeleo hagawi sadaka," alisema mkuu wangu, Afisa Ustawi wa Jamii. "Anaunganisha watu." Enzi zile za vijiji vya Ujamaa serikali ilileta bati, kijiji kikaleta mikono. Mikono hiyo tuliiita risaga: majirani wanakusanyika kumfanyia mwenzao kazi, naye mwenye kazi anawapikia.

Nilipohamishiwa upande wa Butiama nilikuta nyumba ya Bibi Nyangeta haijaezekwa. Alikuwa mjane, kahamia kijiji kipya, analala chini ya turubai na mvua zinakaribia. Mkuu alikuja na Landrova, akaona kibuyu cha unga wa bibi kinakaribia kwisha, akamwonea huruma. Akaagiza wanawake wapike makwao, walete.

Siku ya kazi walifika na vyungu vichwani. Bibi Nyangeta akatoka, akawatazama, akajifunika khanga kichwani.

"Nani amekufa hapa?"

Wanaume waliokuja kuezeka wakashusha mapanga. Kila mmoja alielewa, maana kwetu chakula kilichopikwa kwa majirani hupelekwa msibani tu.

"Mama, tunakusaidia tu," mkuu alisema.

"Wakija kunijengea mimi ninawapikiaga. Leo mnaniletea chakula, maiti iko wapi?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nilitazama viatu vyangu. Mkuu naye alivua kofia, akaizungusha mikononi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Tufanyeje, mama?"

"Virudisheni."

Vyungu vikarudi. Bibi akapika uji mwepesi wa mtama, mkuu akanywa wa kwanza, akaomba tena. Jioni ile bati zilikuwa juu.

Sasa nimestaafu, nipo Makoko, Musoma. Mwaka huu nilivunjika mguu, na akina mama wa jumuiya wakaja kunilimia bustani. Walikuja na sufuria na chupa za chai.

"Pumzika, mama, kila kitu tumebeba."

Niliona haya vibaya sana. Mimi niliyezunguka vijiji nikihimiza watu wasaidiane, nilishindwa hata kuwatazama usoni. Waliniwekea sahani mapajani. Nikaiweka kando bila kuonja.

Nikamwita mkwe wangu anishike mkono, anipeleke jikoni. Kulikuwa na unga kidogo kwenye kopo. Nikakoroga uji mwepesi, ukawatosha wote.