Chumba cha Baba Kwenye Diski

Nyumbani walimwita Fundi, hata mama yake. Ilianza kama utani siku alipohitimu chuo cha ufundi, utani ukaota mizizi. Pasi ikigoma, "Fundi!" Redio ikikoroma, "Fundi!" Jina zuri alilorithi kwa bibi yake lilibaki kwenye vyeti.

Siku ile mkoba wake wa safari ulikuwa umesimama mlangoni. Hospitali moja katika mji wa mbali ilikuwa imemwajiri atunze kompyuta zake, na kesho yake alitakiwa kuripoti kazini. Basi lilikuwa linaondoka jioni. Alikuwa anakunja shuka ya mwisho aliposikia mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba, akimwita kwa sauti ya mtu aliyevunja chombo cha wageni.

"Dada, njoo kidogo. Kompyuta imenuna."

Kununa kungekuwa afadhali. Kijana alikuwa ametaka kusakinisha mfumo mpya ili michezo yake iende kasi. Programu ilipomuuliza auweke wapi, alibonyeza jibu la kwanza aliloliona. Ikaandika, ikaandika, ikafika katikati ikakwama. Sasa kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja wa maandishi ulisema hakuna mfumo wa kuiwasha.

Kompyuta ile ilikuwa ya familia nzima. Baba, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipoinunua alimwagiza Fundi aigawe diski yake kama nyumba, kila mtu na chumba chake, tena kwa kufuata umri. Mwanzoni ukakaa mfumo wenyewe, kikafuata chumba cha baba, cha mama, cha Fundi, na mwisho kabisa cha kitinda mimba. "Mkubwa hulala karibu na mlango," alisema baba. Fundi aliposhauri watunze nakala mahali pengine, baba alicheka. "Nani anajenga nyumba mbili alale moja?"

Katika chumba cha baba mlikuwa na kitabu: hesabu kwa watoto wanaoziogopa. Alikuwa akikiandika tangu alipostaafu.

Baba akaingia, miwani ikiwa juu ya paji la uso. "Kuna nini?"

Kitinda mimba akatazama dari.

"Mfumo mpya umeandikwa vibaya juu ya diski," Fundi alisema. "Kuta za vyumba zimefutika."

"Na kitabu?"

"Bado sijui, baba."

"Basi rudisha mkoba ndani. Huwezi kusafiri kitabu changu kikiwa kifusini."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekaribisha chai. Fundi akahisi chumba kimepungua ukubwa.

Aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akainakili yote kwenye diski nyingine ili akikosea, akosee kwenye nakala. Kisha akaiachia programu ya kutafuta ipite mwanzo hadi mwisho, ikipapasa alama za mahali kuta zilipokuwa. Mstari wa kijani ulitambaa kama konokono. Baba alivuta kiti akakaa nyuma yake, kati yake na mlango, magoti yakigusa mgongo wa kiti chake. Dirisha lilikuwa na nondo.

"Mwache mtoto apumue, baba yake," mama alisema kutoka ukumbini.

"Kwani nimemshika pua?"

Kuta zikaanza kuonekana. Fundi akaziandika upya kwenye nakala, vyumba vikafunguka: cha mama kizima, pamoja na picha zake, cha Fundi kizima, cha kitinda mimba kizima.

"Michezo yangu imerudi!" kijana akaruka. Hakuna aliyeruka naye.

Ukuta wa chumba cha baba nao ulipatikana, lakini ndani mlikuwa mmejaa mafaili ya ule mfumo uliokwama. Kwa kuwa alikaa karibu na mlango, yeye ndiye aliyekanyagwa. Vilisalia vipande tu: nusu ya swali, jibu lisilo na swali.

"Tafuta tena," baba alisema.

Akaitia nakala ndani ya kompyuta ya familia, akasakinisha mfumo mahali pake, ikawaka. Akaunganisha diski ya zamani kwa waya, akatafuta tena. Vipande vilevile.

"Maji yakimwagika hayazoleki, baba."

"Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tafuta tena."

Akatafuta kwa njia nyingine, akijua hakuna kitakachopatikana. Jua likahama ukutani. Konokono wa kijani alipokuwa akitambaa, hakuna aliyelazimika kusema lolote: baba hakulazimika kuomboleza, wala yeye hakulazimika kuaga. Angeweza kuzeekea kwenye kile kiti.

Akaisimamisha programu. Akageuka, magoti yao yakagongana.

"Baba, kitabu hakipo. Hata nikitafuta mwaka mzima."

Baba akashusha miwani machoni. "Basi tutakiandika upya. Chote kimo kichwani. Mimi nasema, wewe unachapa." Akakohoa. "Sura ya kwanza."

Vidole vya Fundi vilikwenda kwenye kibodi vyenyewe. Vilishachapa "Sura ya" ndipo alipoviona. Akavirudisha mapajani.

"Si mimi, baba. Huyu hapa. Aliyebomoa ndiye ajenge."

"Huyu? Huyu hajui hata kutoa!"

"Ndiyo maana. Mimi ningechapa tu. Huyu akikwama, utajua watoto watakwama wapi."

"Dada, mimi nina mtihani..."

"Wa nini?" mama aliuliza.

"Wa hesabu."

Mama akacheka. Baba hakucheka.

Fundi akasimama, lakini njia ilikuwa imezibwa na magoti. "Naomba kupita, baba."

Baba alitazama kioo. Kisha akavuta mguu mmoja, halafu wa pili, bila kumtazama. Kitinda mimba akaketi.

Mama alimsindikiza Fundi hadi barazani. Huko nyuma sauti ya baba ilianza upya, kavu.

"Andika: tatu kutoa saba haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani, baba?"

"Hapo," baba alisema taratibu, "hapo sikuwahi kueleza."

Fundi hakusubiri maelezo. Basi lilikuwa halimsubiri mtu.